Mkopo wa kuunganisha madeni ukikataliwa Uingereza, na shamba liko Rungwe

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe mlioko Uingereza, Novemba ya mbolea na Januari ya ada ndizo zinazowasukuma wengi kutafuta mkopo mmoja wa kufuta kadi tatu na ovadrafti. Benki ikikataa, wiki inayofuata ndiyo ya hatari. Mtu anaomba kwa mkopeshaji wa pili, wa tatu, wa nne, na kila ombi kamili linaacha alama kwenye rekodi yake ya mikopo kwa mwaka mmoja au zaidi. Simama kwanza. Na anayekuahidi mkopo kwa sharti la kutanguliza "ada ya bima" ni tapeli.

Muulize aliyekukataa amesoma rekodi yako kwa wakala gani: Experian, Equifax au TransUnion. Wote watatu wanatakiwa kukupa ripoti yako bure. Angalia hasa majina, maana majina yetu matatu huandikwa huku hivi na kule vile, na rekodi ikagawanyika. Jiandikishe pia kwenye daftari la wapigakura. Mtanzania, Mkenya na Mganda mwenye kibali cha kuishi anaruhusiwa kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola, na wakopeshaji hulitumia daftari hilo kuthibitisha anwani.

Kama mshahara unaingia benki ileile unayodaiwa kadi au ovadrafti, fungua akaunti ya kawaida isiyo na ovadrafti kwenye benki usiyodaiwa chochote, kisha hamishia mshahara huko. Benki ina haki ya kukata fedha zilizo kwenye akaunti yako kulipia deni ulilochelewesha kwake, na ikifanya hivyo siku ya mshahara, kodi ya nyumba inakosa pa kutoka.

Sasa panga madeni kwa uzito wa adhabu yake, bila kujali nani anapiga simu sana. Kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri (council tax), umeme na gesi, na faini za mahakama hutangulia, kwa sababu huko kuna kufukuzwa, kukatiwa huduma na madalali wa mahakama. Kadi, ovadrafti na mikopo isiyo na dhamana hufuata, hata kama ndiyo inayokunyima usingizi. Kadi yenye deni la pauni 3,200 kwa riba ya asilimia 34.9 kwa mwaka inakula takriban pauni 80 za riba kila mwezi. Ukilipa 90, deni limepungua kwa 10 tu. Kwa hiyo kulipa kidogokidogo kila mahali hakukutoi.

Usimwombe mdogo wako wa Iringa achukue mkopo wa kausha damu, wenye riba kubwa, wala usiweke nyumba ya mama rehani ili ulipe kadi ya huku. Benki iliyokupa kadi haina dhamana yoyote mkononi, lakini nyumba iliyowekwa rehani hupigwa mnada.

Andika bajeti ya mwezi, na fedha za nyumbani ziwemo. Wengi huzificha kwa aibu, kisha mpango unavunjika mwezi wa pili. Zigawe: dawa za mzazi, ada, mbolea, upatu. Weka risiti za kutuma. Wadai wanaweza kuhoji kiasi hicho, na dawa za mzazi zina hoja nzito kuliko ujenzi wa Uyole. Ujenzi usimame kwa sasa. Tofali halina riba.

Ukiwa na bajeti hiyo, piga simu StepChange, National Debtline au Citizens Advice. Ushauri wao ni bure, na hakuna sababu ya kulipia kampuni. Kwa England na Wales, mshauri anaweza kukuombea Breathing Space, utaratibu ulioanza Mei 2021: siku 60 ambazo wadai wengi wanasimamisha riba, tozo na hatua za kukusanya deni. Bili za kila mwezi unaendelea kulipa, na huwezi kuupata tena ndani ya miezi 12.

Baada ya hapo wengi huingia kwenye mpango wa marejesho: unalipa kiasi kimoja, kinagawanywa kwa wadai. Hawalazimiki kusimamisha riba, ila wengi hukubali. Njia nzito zaidi ni Debt Relief Order, yaani amri ya kufutiwa madeni, isiyo na ada tangu Aprili 2024. Deni lisizidi pauni 50,000, kinachobaki baada ya matumizi kisizidi 75 kwa mwezi, mali isizidi 2,000, na gari lisizidi 4,000. Baada ya miezi 12 madeni yaliyomo hufutwa.

Hapa ndipo shamba linapoingia. Mali huhesabiwa popote ilipo duniani, kwa hiyo ekari mbili za parachichi Rungwe au kiwanja Mafinga lazima vitajwe. Kama ardhi ni ya ukoo na wewe unachangia mbegu tu, pata barua ya serikali ya kijiji au nakala ya hati ya kimila inayoonyesha mwenyewe ni nani. Kama ni yako, usikimbilie kuiandika kwa jina la kaka: mali uliyogawa miaka 2 kabla ya ombi inaweza kulikwamisha, na kwenye kufilisika wanaweza kurudi nyuma miaka 5. Mwenye shamba la thamani mara nyingi anafaa zaidi kwenye mpango wa marejesho, ambao haugusi ardhi.

Mwenye viza isiyoruhusu fedha za umma asiombe punguzo la kodi ya halmashauri linalotolewa kwa sababu ya kipato kidogo. La asilimia 25 kwa anayeishi peke yake haliingii kwenye katazo hilo.

Barua usiziache bila kufunguliwa. Barua ya kabla ya kesi inakupa siku 30 kujibu. Fomu ya mahakama ni siku 14 tangu ikufikie, au 28 ukirudisha taarifa ya kuipokea. Kama deni ni lako, likiri, taja kiasi unachoweza kwa mwezi, na ambatisha bajeti ileile.