Mtoto anakunywa uji kutwa, mbona haongezeki?

Swali hili husikika sana kwenye mizani ya kliniki kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kuanguka na akina mama kuondoka alfajiri kwenda kuokota. Uji upo, ziwa lipo, mtoto hajalala njaa hata siku moja, lakini mstari kwenye kadi umelala, haupandi. Wapo wanaosingizia meno, wapo wanaosingizia jicho la mtu. Kabla ya kwenda huko, angalia kwanza sufuria. Mara nyingi mtoto anajazwa maji.

Fanya hesabu. Mtoto mwenye kilo 8 tumbo lake hubeba takriban robo lita kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja cha kawaida. Uji mwepesi wa kunywa huwa na unga kama gramu 10 katika kila gramu 100, kwa hiyo kikombe kizima kinampa kilokalori zipatazo 90 tu. Sasa linganisha na anachohitaji kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama: kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Kwa uji ule, mtoto wa mwaka na nusu angehitaji zaidi ya vikombe sita kila siku. Hamalizi, na hakuna mwenye nafasi ya kumpikia mara sita msimu wa korosho.

Ukiongeza unga mara mbili na kutia kijiko kikubwa cha korosho iliyosagwa, kikombe kilekile kinafika kilokalori 230 hivi. Tumbo ni lilelile, jiko ni lilelile.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kwa kikombe kimoja cha maji (mililita 250), weka vijiko vikubwa 4 vya unga wa mahindi, mtama au ulezi, vilivyojaa. Vuruga unga kwa maji baridi kidogo kwenye bakuli ili usifanye mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, kisha punguza moto na uache uive dakika 10 hadi 15. Kupima, chota kwa kijiko ukiinamishe: uji unaofaa unashuka polepole kwa vipande, haumiminiki. Ukimiminika, huo ni wa mgonjwa. Na ukiona uji unapita kwenye chuchu ya chupa, ujue tayari ni mwepesi. Kutanua tundu kwa wembe hakusaidii, tena chupa ni ngumu kuoshwa mpaka ndani na huleta kuhara. Uji wa mtoto ni wa bakuli na kijiko.

Kiasi: anapofikisha miezi 6 anza na vijiko vikubwa 2 au 3, mara 2 kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 au 4 kwa siku. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, na katikati asusu moja au mbili kama embe, papai au ndizi iliyopondwa. Kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2. Kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Hata maji hapana, hata kwa joto la Novemba.

Tuje kwenye vya kuongeza. Ajabu ya mikoa yetu ya korosho ni nyumba yenye gunia la korosho ndani na uji mweupe jikoni. Korosho ina kilokalori zipatazo 550 na protini gramu 18 katika gramu 100, na kwa kazi hii huna haja ya zile nzima nyeupe za kuuzia wageni. Nunua vipande kwa wabanguaji. Bei iko chini na lishe ni ileile. Kaanga kidogo mpaka zinukie, twanga kwenye kinu au saga, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Tengeneza ya wiki moja tu, kwa sababu mafuta yake yakikaa na hewa hugeuka, unga ukaanza kunuka mafuta ya zamani na mtoto akaukataa. Tia kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha uji, dakika mbili kabla ya kuepua. Mara ya kwanza mpe nusu kijiko cha chai, asubuhi, halafu mwangalie kwa saa mbili. Akitoka vipele, akivimba midomo, akitapika au akipumua kwa shida, mpeleke zahanati hapohapo.

Korosho au karanga nzima asipewe mpaka afike miaka 5. Meno ya mbele hukata punje lakini hayasagi, na kipande kikiteleza huziba njia ya hewa. Mtoto chini ya mwaka akikabwa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Bado, mgeuze chali umbonyeze kifua mara 5 kwa vidole viwili, katikati, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Rudia huku mwingine anatafuta usafiri. Aliyezidi mwaka mmoja, baada ya kumpiga mgongoni, mkumbatie kwa nyuma na umbonyeze tumbo juu ya kitovu, ukivuta kwa ndani na juu. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma zaidi.

Karanga nazo ni nzuri, lakini zichague kwa jicho kali. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu: tupa. Kuna tabia ya kuzitenga mbovu "za kusagia uji" kwa kuwa hazionekani tena, na huko ni kumpa mtoto sumukuvu, sumu ya ukungu, moja kwa moja. Kuosha hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyohiyo iliyokuwa kwenye mahindi.

Dagaa wa Kilwa: wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke kwa maji ya moto, suuza mara mbili, ondoa vichwa vyenye mchanga, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike, twanga na uchekeche. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa bakuli. Mbaazi au choroko ziloweke usiku kucha, chemsha hadi zivurugike, zipitishe kwenye chujio ili maganda yabaki. Tui la nazi huongeza mafuta, lakini halishiki nafasi ya dagaa wala mbaazi. Sukari haina kazi hapa, na asali hairuhusiwi kabisa kabla ya mwaka mmoja. Chai ya rangi iacheni kwa wakubwa. Hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungechukua kwenye chakula.

Halafu kuna unga wa lishe wa mchanganyiko: mahindi, mchele, ulezi, mtama, soya, karanga, ngano, vyote mashineni kwa pamoja. Unasifiwa sana, lakini mimi siupendekezi. Nafaka tano ni kitu kilekile, wanga, kwa majina matano. Karanga ndani ya unga wa mwezi mzima huoza mafuta. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isisagwe tumboni, nayo haiivi kwa dakika chache za uji. Lazima ichemshwe kwanza nusu saa hivi au ikaangwe kisawasawa. Na kiungo kimoja kikiwa na ukungu, umeharibu mfuko wote. Nafaka moja safi, na vingine vitiwe jikoni siku ya kupika: ni nafuu zaidi, na mtoto akikataa au akiharisha unajua ni nini kilichobadilika.

Tatizo la uji mzito ni kwamba watoto wa miezi 6 na 7 wengine hushindwa kuumeza. Badala ya kurudisha maji, tumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Osha ulezi, uloweke saa 12, uchuje, utandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu na kuufunika. Nyunyiza maji asubuhi na jioni. Baada ya siku 2 au 3 vimea vikitokeza, anika juani mpaka ukauke kabisa, pukuta vimea kwa viganja, pepeta na usage. Ukiona ukungu hata kidogo, uchome wote motoni, hata kuku wasipewe. Mtama pia unafaa, ila vimea vyake vina sumu ya sianidi, hivyo kuvipukuta vyote si hiari. Ndiyo maana ulezi ni salama zaidi.

Sasa pika uji mzito kupita kawaida, karibu na ugali. Epua, acha dakika kadhaa upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe, koroga. Ndani ya dakika 10 utauona unalegea bila tone la maji, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinakata wanga. Urudishe motoni uchemke dakika 2 kuua vijidudu. Wanaosema kimea hakifanyi kazi huwa wamekitia uji ukiwa bado unatokota; joto hilo huviua vimeng'enya kabla havijaanza.

Muhogo unahitaji neno lake, maana Newala na Tandahimba wapo watoto wanaolelewa kwa unga wa makopa. Muhogo hauna protini ya maana, kwa hiyo uji wake bila dagaa, mbaazi au karanga ni wanga mtupu. Na muhogo mchungu una sianidi. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kushika zaidi watoto na wanawake, umewahi kuripotiwa mkoani Mtwara, katika miaka ya ukame watu walipokula muhogo mchungu uliokaushwa haraka. Njia rahisi ya kupunguza sumu: weka unga kwenye bakuli, tia alama ulipofikia, ongeza maji huku unachanganya. Usawa utashuka kwanza. Endelea mpaka urudi kwenye alama. Tandaza kwenye sinia, unene usizidi sentimita 1, acha saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu iondoke na hewa. Upike siku hiyohiyo.

Msimu wa korosho mtoto mara nyingi hubaki kwa bibi mzaa mama, na bibi amelea wengi kabla yako. Ukimwendea na somo hatakusikiliza. Mwachie kijiko na bakuli la mtoto peke yake, umwoneshe uji unavyoshuka, basi. Uji wa mchana uchemke sana, uingie kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka na ijazwe mpaka juu. Amimine wa kula tu. Uliobaki bakulini usirudishwe. Uji ukitoka kwenye chupa bila kufuka moshi, uchemshwe tena kabla ya kulishwa, maana uvuguvugu ndio joto ambalo vijidudu huzaliana haraka.

Ukilazimika kwenda naye shambani, asichezee korosho zenye maganda: mafuta ya ganda huunguza ngozi na midomo, na moshi wa kuchoma korosho hutesa macho na kifua. Juni hadi Agosti, wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, asiwepo kabisa, na mifuko ya salfa isilazwe chumba anacholala.

Akiharisha, usimkatishe chakula. Mpe ORS (dawa ya pakiti ya kurudisha maji na chumvi mwilini) iliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, kama amepita miezi 6. Akipona mwongeze mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Kilo zilizopotea hazirudi kwa milo ya kawaida. Matone ya vitamini A huanza miezi 6 na kurudiwa kila baada ya miezi 6, dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Baada ya kubadilisha uji, mpime mwezi unaofuata, siyo wiki inayofuata. Uzito wa wiki huyumba kwa choo na mkojo tu. Mwombe muuguzi apime na mkono kwa ule utepe wa rangi, kuanzia miezi 6: chini ya sentimita 12.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu haisubiri kliniki ijayo. Ikiwa uji ni mzito, milo imetimia, na mstari bado haupandi kwa miezi miwili, usiendelee kuongeza vijiko. Hapo aangaliwe malaria, kifua kikuu, selimundu na maambukizi ya njia ya mkojo.