Jinsi nilivyomtoa mtu kwenye WhatsApp ya mdogo wangu
Jamani nimepumua leo. Mdogo wangu ana miaka 15, meseji zake zilikua zinasomwa kabla hajazifungua na kuna mtu anajibu marafiki zake akiomba picha. Tukabadili paswedi ya simu, tukabloku namba ngeni, wapi, bado tu.

Kumbe simu haina shida. Ingia WhatsApp, vidoti vitatu, vifaa vilivyounganishwa, tukakuta kompyuta ambayo nyumbani hatuna na saa iliyotumika mara ya mwisho ni usiku wa manane 😢 nikaigusa, nikaitoa hapohapo. Ndo akakumbuka aliskani QR kodi (ile picha ya vimraba) ya "bando la bure", kumbe ndo iliyounganisha WhatsApp yake na hiyo kompyuta. Tukaweka na pini ya WhatsApp ya tarakimu 6, wale marafiki tukawapigia mmojammoja.