Kibaba Kimoja cha Maji

Kitabu hiki, riwaya iitwayo Turtles All the Way Down, nilikipata chini, kando ya barabara ya Tom Mboya, kwenye yale mafungu yanayotandazwa juu ya gunia ambayo sisi watu wa Nairobi tunayaita inama, maana usipoinama huoni kitu. Ilikuwa Jumamosi, mvua imekatika muda mfupi. Muuzaji alitaka mia mbili hamsini, tukamalizana kwa mia mbili. Mwandishi nilikuwa simjui. Kilichonivuta ni jalada, ule mstari unaojizungushazungusha kuelekea ndani kama maji yanayoingia kwenye shimo la karo.

Nilianza kusoma ndani ya matatu iliyokuwa ikingoja kujaa. Msichana wa miaka 16, Aza, ameketi na wenzake shuleni wakati wa chakula cha mchana. Wenzake wanapiga soga, yeye hasikii lolote ila tumbo lake na vijidudu vinavyoishi humo. Kisha anakandamiza ukucha wa dole gumba kwenye ncha ya kidole cha kati, mahali penye kidonda ambacho amekuwa akikifungua miaka nenda miaka rudi. Anabandua plasta, anakagua, anasafisha, anabandika nyingine. Haichukui muda, swali linarudi: una hakika? Steji yangu ya Pumwani ilipita nikiwa sina habari.

Mimi kidonda changu ni maji.

Kilianza nikiwa na miaka 13. Nikitawadha, nikifika miguuni, kitu kinaniuliza kama kiwiko cha kushoto kilipata maji. Narudi mwanzo. Nikifika tena miguuni kinaniuliza habari ya kisigino. Kila kiungo huoshwa mara tatu, kuzidisha ni kupita mpaka, na hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Madrasa tulifundishwa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Siku mbaya mimi namaliza nusu ya mtungi wa lita 20, kwenye ploti ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki na siku zilizobaki tunanunua. Ngozi ya katikati ya vidole imepasuka, nikikamua ndimu naiuma midomo.

Bibi yangu anasema nina wasiwasi. Nimelifikiria sana neno hili tangu nisome kitabu. Tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono. Ndiyo maana tunasoma Suratun-Nas kabla ya kulala, tunajikinga na mnong'onaji anayenong'ona vifuani mwa watu kisha anajificha. Bibi akilitamka, analitamka kwa uzito huo. Mtaani limepoa, mtu akikuona unakagua kitasa mara ya pili anakwambia wasiwasi ndio akili, na kwa mtu anayerudi mara moja tu ni kweli. Mama aliniambia hivyo miaka mingi, kwa mapenzi, akidhani ananituliza. Nami niliamini kwamba ile sauti ya karoni ndiyo akili yangu, na kwamba nikiacha kuisikiliza nitakuwa mtu mzembe, mtu asiyejali Mungu. Shuleni waliniambia tu kwamba nipelekwe Mathari, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Ile hospitali ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ndui imekwisha duniani, kutenga bado tunatenga, hata kwa mdomo.

Mwandishi anaitwa John Green, Mmarekani wa Indianapolis, na kitabu chenyewe kilitoka mwaka 2017. Baadaye nilikuja kujua kwamba ugonjwa wa Aza, ule wa mawazo na vitendo vinavyojirudia bila kukoma, ni wake mwenyewe, na kwamba amelisema hadharani bila kuficha. Sikushangaa. Mtu aliyesimuliwa tu hawezi kujua kwamba katikati ya busu la kwanza unaweza kuwa unahesabu vijidudu vya mate ya mwenzako. Kuna hadithi ya tajiri aliyetoroka na zawadi ya dola laki moja kwa atakayesaidia kumpata. Niliisoma harakaharaka ili nirudi kichwani mwa yule msichana.

Nilipokwama ni kwa Daisy, rafiki yake. Daisy anaandika hadithi zake mwenyewe za wahusika wa filamu za Star Wars, na ndani yake amemtia mhusika msumbufu, mwenye kuchosha, ambaye Aza akisoma anajitambua. Wanagombana ndani ya gari. Daisy anamwambia kwamba miaka yote hii Aza amekuwa akiitazama nafsi yake tu, haulizi habari za mwenzake. Nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimekasirika, nikamwona Daisy hana huruma, kwani mgonjwa atafanyaje?

Halafu mdogo wangu akaingia na mtungi.

Yeye ndiye anayechota. Mimi nikimaliza maji, yeye ndiye anayeshuka na kusimama kwenye foleni. Jioni ile nilimshika mkono, nikaugeuza kiganja. Kulikuwa na sugu mbili, moja chini ya kidole cha shahada na nyingine chini ya kidole cha pete, mahali pa mpini wa mtungi. Sikuwahi kuziona. Tunalala chumba kimoja.

Mwishoni Aza haponi. Nilipomaliza nilirudi nyuma nisome tena, nikidhani nimeruka ukurasa. Tunaambiwa tu kwamba atakua, atapata watoto, ataugua tena na kupata nafuu tena. Nimesoma riwaya nyingi ambamo mtu wa namna yetu ama anakufa ama anaombewa na kuamka mzima. Hii imeniachia nafasi ya kuishi katikati.

Mwezi wa tatu nilikwenda kliniki. Daktari alinieleza kwamba dawa mojawapo ni kuiacha ile hamu ya kurudia bila kuitii: natawadha mara moja, naondoka karoni, nakaa na shaka yangu mpaka ichoke yenyewe. Inachoka polepole mno. Mara ya kwanza nilikaa kwenye mkeka nikitetemeka, na Bibi, ambaye hakuambiwa chochote, akaja akakaa karibu nami na tasbihi yake.

Wiki iliyopita nilimpa mdogo wangu kitabu. Si msomaji. Jana nilikikuta juu ya mtungi mtupu, amekunja pembe ya ukurasa pale ndani ya gari.

"Dada, huyu Daisy anajua kusema," akaniambia, kisha akaangalia pembeni.

Nikamwuliza maji ya Alhamisi huwa anayanunua wapi. Akacheka kidogo, akanionyesha njia kwa kidole kupitia dirishani. Leo ni Alhamisi, nimechota mimi.