Namba nzuri zilizoniponza

Nilipakia miligramu 200 za kichocheo (unga unaoharakisha mmenyuko), chembe ndogo za nikeli juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini, ndani ya bomba la glasi ya kwatsi, nikazibana juu na chini kwa pamba ya kwatsi, nikapandisha tanuri hadi nyuzi 700. Methani na kaboni dioksidi huingia sawa kwa sawa, kisha hutoka haidrojeni na kaboni monoksidi, ile gesi ya usanisi inayozaa methanoli na mafuta. Mmenyuko huu ni mlafi wa joto: kilojuli 247 kwa kila moli ya methani.

Baada ya saa 18, kichambuzi cha gesi kilionyesha methani ikiliwa kama ilivyoliwa mwanzoni. Nikafurahi. Geji ya presha sikuitazama hata mara moja, nayo ilikuwa ikipanda taratibu muda wote huo.

Kumbe bomba lilikuwa limekabwa. Ule unga kidogo ulikuwa umefura mara kadhaa, mweusi tititi, na ilinibidi niuchokonoe kwa waya. Bomba likapasuka mkononi.

Siku hizo nilidhani kaboni huua kichocheo kwa kukifunika. Nikeli ina ujanja zaidi ya huo. Methani ikivunjika usoni mwa chembe ya nikeli, kaboni hupenya na kuchomoza upande wa nyuma kama unywele, ukiibeba chembe kichwani. Chembe inabaki wazi, inachapa kazi juu ya mzigo wake. Kwa hiyo kazi haipungui. Kinachokwisha ni nafasi. Na chembe zikinenepa, nywele huota kwa urahisi zaidi. Nikeli huyeyuka nyuzi 1455, lakini ikifika kama 590 chembe tayari zinaanza kutambaa na kuungana.

Ndiyo maana nikahamia silika, dutu ya mchanga, yenye vitundu vya nanomita chache. Chembe iliyofungiwa humo haina pa kunenepea, na unywele hauna pa kuotea. Maneno matamu, ila kundi la kwanza niliharibu mwenyewe: nililoweka silika kwenye naitreti ya nikeli, kisha nikaikausha harakaharaka kwenye oveni kali. Maji yaliondoka na ile chumvi ya nikeli, ikaganda nje ya vitundu. Unaujua mwisho wake: nywele tena. Mara ya pili nilikausha polepole, usiku kucha, ndipo nikachoma na kupitisha haidrojeni.

(Ukizima tanuri, futa kwanza kaboni monoksidi yote kwa naitrojeni. Ikikutana na nikeli iliyopoa hutengeneza nikeli kabonili, sumu isiyo na mzaha.)

Kichocheo kipya kinakula methani kidogo kuliko cha zamani, maana nikeli nyingine imejificha ndani mno. Hasara hiyo nimeikubali. Leo kipo saa ya 60, na kiti changu nimekigeuza: naangalia geji, kichambuzi kiko mgongoni.