Mbwa Ana Feni?

Tumerudi Dodoma juzi usiku. Binti yetu Neema kapangiwa kidato cha tano Tabora, baba yake kabadilishiwa kituo cha kazi, kipanya, gari letu la safari, kimerudi na mlango usiofunga, na mimi kimawazo bado niko Kilindoni, kisiwani Mafia, nimesimama mbele ya Shangazi.

"Mbwa ana feni?"

"Ndiyo, Shangazi. Ya volti 12. Inakula ampea mbili tu."

"Haya."

Basi. "Haya" moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, yeye anajipepea kwa kipepeo cha ukili, na nyuma yangu, garini, mbwa wetu Popi kajinyoosha anapulizwa.

Ningeweza kumweleza. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anapoa kwa kuhema: mate yakikauka ulimini ndipo joto linatoka. Dodoma hewa ni kavu, yanakauka upesi. Pwani hewa imelowa, mate hayakauki upesi, mbwa anahema karibu bure. Gairo kwenye baridi Popi alilala fofofo. Kufika Chalinze ulimi ulishakuwa mwekundu na ute umekuwa mzito, na hapo hakuna kubishana, simamisha gari. Maji ya kawaida, si ya barafu, tumboni, kwapani na kwenye nyayo, kisha feni. Ukimfunika taulo lililolowa ukamwacha nalo, linazuia joto lisitoke. Umemchemsha.

Na zile ampea mbili nazo zina maana yake. Betri ya pili ya gari, inayoendesha feni, ni ya ampea-saa 100. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo za kutumia ni 50, feni inazunguka saa 25. Kivuko cha Nyamisati, cha kwenda Mafia, kinafuata maji kujaa na kupwa, unaweza kukaa kwenye foleni hadi jua la utosi. Ukishapanda, injini unazima, gesi unafunga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko, na feni ndiyo inayombakiza mbwa hai. Sharti tu relei, yaani swichi ya umeme, itenganishe betri mbili, la sivyo feni inanyonya ile ya kuwashia gari. (Yetu ilikwama Mkuranga. Fundi wa pikipiki akaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikaamka.)

Hayo yote ninayo kichwani. Lakini Shangazi hakuuliza ampea. Feni ile imeshikwa na skrubu nne na nyaya mbili. Dakika tano tu ingekuwa inaning'inia barazani kwake, na Popi angekaa chini ya mwembe penye upepo wa bahari. Wazo hilo limenijia tukiwa Morogoro, njia ya kurudi! "Inakula ampea mbili tu." Kana kwamba mama wa watu alikuwa ananidai bili.

Ila kuna vifuu.

Asubuhi ya pili nilikuta vifuu viwili vya nazi chini ya mwembe, vimejaa maji ya kisima. Shangazi alikuwa anafagia, hakuinua uso.

"Asinywe ya bahari, mwanangu, yatamharisha. Na akiona bunju ufukweni, mvute."

Bunju ni samaki wa sumu. Hata akitupwa na mawimbi akakauka, bado anaua. Vyombo vyake Shangazi asingempa, maana kwa dini yake mbwa akilamba ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kifuu hakioshwi, jioni kinaingia jikoni kuchochea moto. Kesho yake vifuu vingine viwili, na keshokutwa vilevile. Bakuli la kukunja nililolibeba kutoka Dodoma Popi hakuligusa tena. Usiku tulimfunga kamba ya mita tatu kwa ajili ya mayai ya kasa, kwa sababu mbwa hufukua kiota kabla hujapata viatu vyako, na Shangazi ndiye aliyekuja kukagua fundo. Hakulipenda. Akalifunga upya.

Leo nimeosha gari kwa chini, ndoo sita za maji yasiyo na chumvi, hasa kwenye springi na mabomba ya breki, chumvi inapojificha. Ndoo ya saba nikaipeleka kwenye mzabibu wa uani. Jani moja lina unga mweupe. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, au vumbi la wiki mbili, sijui. Mengine sijayageuza.