Nilivyofungua chumba cha picha Yangon bila kusomea uchoraji

Nilimaliza sekondari mwaka 1988, mwaka wa maandamano dhidi ya serikali. Vyuo vikuu vya Burma, nchi yetu ambayo sasa huitwa Myanmar, vikafungwa, vikafunguliwa, vikafungwa tena. Nilipochoka kusubiri, darasa langu likawa barabara ya Pansodan jijini Yangon, ambako vitabu vya mitumba hupangwa chini kandokando ya njia. Muuzaji mmoja aliniazima majarida ya zamani yenye picha za U Ba Nyan, mchoraji wetu aliyesoma London miaka ya 1920, kwa sharti niyarudishe asubuhi bila doa. Usiku nilinakili kwa rangi ya maji, maana rangi ya mafuta ilikuwa ghali mno.

Miaka miwili nilinakili tu, na sijuti. Mkono ulijifunza kwa njia hiyo. Kosa langu lilikuwa kuficha kazi zangu. Siku nilipozipeleka kwenye mgahawa wa chai walikokaa wachoraji wazee, nilisahihishwa kwa saa moja zaidi ya nilivyojisahihisha kwa mwaka mzima.

Pesa nilizipata Soko la Bogyoke, kwa kuwachorea watalii watawa wenye miavuli myekundu. Nilichora mingi hadi nikaweza kuichora nimefumba macho. Lakini kodi ya chumba Yangon hulipwa kwa mkupuo, ya miezi sita au mwaka mzima, na peke yangu nisingefika popote. Tulichanga watatu, tukapata chumba ghorofa ya tatu chenye ngazi nyembamba. Tukapaka chokaa, tukapigilia misumari.

Enzi hizo hakuna maonyesho yaliyofunguliwa kabla ya maofisa wa serikali kukagua. Walisimama mbele ya kila picha na kuuliza maana yake. Nyekundu ikizidi, maswali. Nyeusi ikizidi, maswali. Picha niliyoipenda kuliko zote ilimwonyesha mama yangu akianika longyi, vazi letu la kufunga kiunoni kama kikoi. Longyi ilikuwa nyekundu. Nikaeleza kwamba ni nguo tu, imefuliwa. Wakaamuru iteremshwe.

Wenzangu walitaka tuweke nyingine pale. Nilikataa. Msumari ukabaki mtupu katikati ya ukuta, na jioni ile wageni walikuwa wakiuliza juu yake kuliko juu ya picha zilizotundikwa. Tuliuza mbili, zikatosha kununua rangi.

Ile ya mama niliiviringisha nikaihifadhi kwenye bomba la plastiki, na kila msimu wa mvua niliikagua isije ikashika ukungu. Wapo waliotaka kuinunua kwa dola; sikuuza. Ukaguzi ulipoanza kulegea mwaka 2012, niliirudisha kwenye msumari wake, nikamleta mama. Alipanda zile ngazi polepole, akapumzika kila ghorofa. Akaitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “longyi ile haikuwa nyekundu hivi. Ilikuwa imeshapauka.”