Buluu ya Kwanza

Jumamosi, msusi wangu wa Accra Road, Nairobi, alipofungua kopo la rangi, harufu ya amonia ilinipanda puani nikafumba macho. "Inakuwasha, dada?" Nikamwambia hapana, endelea tu. Haikuwa inaniwasha. Ilikuwa imenirudisha Julai ya 2009, kidato cha nne, mbele ya meza ya maabara.

Mwaka ule wa ukame mnaukumbuka. Huku kwetu Eastlands mifereji ilitoa upepo tu, tukawa tunaenda shule na vitabu mkono mmoja, mtungi wa lita 5 mkono wa pili. Maji ya kuoshea vyombo vya maabara yalipimwa kwa kikombe. Madam wa kemia alishatuonya: ukiharibu, hakuna kurudia.

Ilikuwa mock, mtihani wa majaribio kabla ya ule wa kitaifa, karatasi ya 3, ile ya vitendo. Muda wa saa mbili na robo, alama 40 kati ya 200 za kemia nzima. Titresheni, ile ya kupima nguvu ya mmumunyo kwa kuuchanganya na mwingine, niliimaliza salama. Swali la pili, la kutambua metali iliyomo ndani ya mmumunyo, ndilo lililonitoa jasho kwenye baridi ile. Ongeza amonia tone kwa tone, kisha hadi izidi. Maneno hayo tulikuwa tukiyaimba tangu kidato cha tatu. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, nikaiminya dropa, amonia yote ikaingia kwa mkupuo.

Tyubu ikajaa buluu nzito kama wino. Nilijua hapo hapo kwamba ni shaba. Ila shaba haianzii hapo. Ukiitilia amonia kidogo, kwanza hutoa mashapo ya buluu hafifu; ukizidisha ndipo yanapoyeyuka na kuwa ile buluu nzito. Alama zilikuwa za kuandika hatua zote mbili, nami ya kwanza ilinipita. Mmumunyo niliopewa ulikuwa umekwisha.

Mwenzangu wa meza alikuwa amefika palepale, bado hajazidisha. Hakunena kitu. Aliinua tyubu yake kuelekea dirishani kama mtu anayeichunguza, kisha akaigeuza taratibu upande wangu, akaituliza.

Bado ninaiona. Mashapo yalikuwa yakishuka polepole, mazito juu, mepesi chini, kama kipande cha sabuni ya buluu kinapolainika ndani ya beseni. Mwanga wa dirishani ulipenya pembeni tu, katikati haukupita. Kucha ya kidole gumba chake ilikuwa na doa la rangi hiyo hiyo. Nadhani sekunde tano hazikufika, lakini katika miaka yote minne ya kemia sikuwahi kutazama kitu kwa makini namna ile.

Nikaandika: mashapo ya buluu hafifu.

Kalamu haijainuka, viatu vya madam vikasimama nyuma yetu. Alichokiona yeye ni mkono wa mwenzangu uliokuwa juu, na tyubu iliyonigeukia mimi. Akaichukua karatasi ya mwenzangu, akaipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, akamwonyesha mlango. Ningeweza kusimama na kusema kwamba mwenye shida nilikuwa mimi. Neno lilifika kooni likakaa hapo. Nikaendelea kuandika hadi muda ukaisha.

Najua ilikuwa mock tu. Najua mtihani wa kitaifa aliufanya mwaka huohuo na kemia akaipita vizuri. Nimejieleza hivyo mara nyingi, na kila mara maelezo hayo hunitosha mchana, usiku yakapungua. Kumlaumu madam siwezi, aliandika alichokiona. Mimi ndiye niliyeandika nilichoonyeshwa, nikapewa alama zake.

Jioni mimi na mwenzangu tulitembea pamoja hadi Jogoo Road kungoja gari. Nilimbebea mtungi wake pamoja na wangu, yote mitupu, wala hakunizuia. Nilitafuta pa kuanzia nisipapate. Matatu ilipokaribia, ndipo aliponigeukia.

"Lakini uliiona?"

Nikadhani ananiuliza kama madam aliniona mimi pia.

"Ile buluu ya kwanza. Kabla haijayeyuka."

Nikamwambia niliiona.

"Afadhali," akasema, akapokea mtungi wake, akapanda.